Shomoro wa Dirisha la Nyuma

Siku fundi alipohamisha cherehani yake kutoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma, mtaa mzima ulidhani amegombana na mtu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameketi kule mbele, mlango wazi, anashona huku akijua nani amepita na nani, amevaa nini, na nguo hiyo imeharibiwa na fundi gani. Mtu wa namna hiyo haendi kujificha uani bila sababu.

Aliyemsaidia kubeba meza ya kukatia ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu alikuwa mkunga hospitalini, akazalisha nusu ya mtaa, na alipostaafu akaja kuishi na fundi kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa na wote wawili walikuwa wajane. Akaitua meza, akajishika kiuno, akachungulia nje.

"Wifi, kulikoni? Huku nyuma utaona nini zaidi ya kamba ya nguo na ukuta wa jirani?"

"Ndege," fundi akajibu.

"Ndege gani?"

"Ndege tu. Nataka niwe naangalia ndege nikishona. Kwani vibaya?"

Ulikuwa uongo, tena wa papo hapo, usiopikwa ukaiva. Ukweli ni kwamba dirisha la nyuma lilipokea jua la asubuhi moja kwa moja, na fundi alilihitaji jua hilo kuliko chai. Tundu la sindano lilikuwa limeanza kumkimbia. Mwanzo lilikimbia jioni tu, taa ikiwa hafifu. Halafu likawa linakimbia hata adhuhuri. Sasa alikuwa na mpango wake: kila asubuhi, jua likiwa juu ya meza, alitunga uzi kwenye sindano kumi na tano, akazichomeka kwenye kimto zikae tayari kwa kazi ya mkono ya siku nzima. Zikiisha kabla ya jioni, alisema mkono umechoka.

Hakumwambia mtu. Wateja wakisikia fundi haoni, hata kama ni uvumi tu, kesho utawakuta kwa fundi mwingine. Lakini lililomtisha zaidi si wateja. Tangu usichana hakuwa na jina lingine. Hata mumewe alimwita fundi, mpaka siku alipokata roho. Asipokuwa fundi, angekuwa nani?

Basi, njia ya mwongo ni fupi. Siku ya pili tu mkunga alikuja na vikombe vya chai, akaegemea dirisha, akatazama uani kwa utulivu wa mtu aliyelipia tiketi.

"Enhe. Hao ndege wako wapi?"

Hapakuwa na ndege. Hapakuwa hata na nzi. Fundi akasema wamekwenda zao, watarudi. Mkunga alipotoka, fundi akachukua sinia kuukuu lililotoboka, akaliweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwaga chenga za mchele. Uongo ukishazaliwa sharti ulishwe.

Siku tatu hakuja yeyote. Ya nne akaja shomoro mmoja, dume, mwenye koo jeusi, akatua kwenye kamba ya nguo. Akalitazama sinia kwa jicho la kulia, akageuka akalitazama kwa jicho la kushoto, akaruka akaenda zake. Fundi alikuwa katikati ya mshono wa suruali. Aliondoa mguu kwenye kanyagio bila kujua. "Mbona hakula?" akajiuliza. Na hilo swali, nakwambia, ndilo lililomponza, maana mpaka siku hiyo hakuwa amewahi kujiuliza lolote kuhusu shomoro. Alikuwa na miaka sitini na mbili, ameishi na shomoro juu ya bati lake maisha yake yote, na hakujua hata wanatembea vipi.

Baada ya wiki mbili alijua. Shomoro hatembei, anaruka miguu yote kwa pamoja, lakini njiwa anatembea hatua kwa hatua huku akitikisa kichwa kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Aliweka bakuli la maji, akajua jingine: shomoro huchota tone, akainua kichwa limteremke kooni, tena na tena; njiwa huzamisha mdomo akanywa mfululizo mpaka kiu imwishe. Kwa nini? Wote si wana mdomo? Na kwa nini shomoro, maji yako palepale, aende kuoga vumbi? Na kwa nini akimaliza kula anafuta mdomo kwenye kamba, upande huu, upande huu, kama anayenoa kisu? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na fundi akawa anauliza kutwa nzima. Mkunga ndiye aliyeulizwa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

"Mimi nilisomea binadamu, wifi," mkunga akasema. "Hao wako wanataga. Tena wanatagia darini, hawaji kliniki."

"Lakini umewahi kuona njiwa anavyokunywa?"

"Sijawahi, na sijapungukiwa." Akageuka kuondoka, akasimama mlangoni. "Anakunywaje?"

Jambo lililompendeza fundi kuliko yote alilivumbua kwa bahati. Alikuwa na desturi ya kumwaga chenga kila anapomaliza nguo moja. Baada ya mwezi akagundua kwamba ndege hawaji kwa sababu ya chenga. Wanakuja kabla. Cherehani ikinyamaza tu, kabla hajainuka kitini, tayari wapo kwenye kamba wamejipanga. Akawajaribu: akasimamisha cherehani katikati ya mshono, saa isiyo yake. Wakaja. Akaanza kushona, wakaondoka. Akasimama, wakaja. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, akamwita wifi yake aje aone, na mkunga, ambaye alikuwa anaosha vyombo, akaja na povu mikononi.

"Kwa hiyo wanadhani wewe ni kengele," mkunga akasema.

"Wananisikiliza! Kutwa nzima wananisikiliza, na mimi sijui."

Hivyo uongo ukageuka kuwa kweli. Ukimuuliza fundi wakati huo kwa nini alihamia chumba cha nyuma angekujibu "ndege," na asingejikuta amekosea.

Msimu wa kutaga ulipofika, shomoro wawili walichagua tundu la ukutani juu ya dirisha lake, chini ya bati, mahali bomba la zamani lilipokuwa limepita. Fundi akawaona wakihangaika na majani makavu, akaamua kuwasaidia kwa alichokuwa nacho. Fundi ana nini? Ana uzi. Sakafu yake kila jioni ilikuwa na vipande vya uzi vya kujaza kofia.

Hakufanya ovyo. Alijua uzi wa nailoni ni hatari. Ukiuvuta haukatiki, unakukata wewe kidole. Wa pamba ni mpole, ukikazwa unakatika. Kwa hiyo akaweka makopo mawili chini ya meza. Uzi unaong'aa, wa nailoni, kopo hili, uende kwenye taka. Uzi uliofifia wenye manyoya, wa pamba, kopo lile, uende kwa ndege. Akajisifu sana kwa utaratibu huo, na mara ya kwanza shomoro jike alipookota kipande cheupe na kuruka nacho, uzi unapepea nyuma yake, fundi alipiga kofi la furaha.

Ndani ya siku hizohizo alimshonea wifi yake gauni la bluu iliyokolea, kwa ajili ya arusi ya mpwa wao. Lilimkaa mkunga vizuri, akaenda nalo arusini, akapiga nalo picha. Fundi alizitazama picha hizo, akaona bluu tupu, akaridhika.

Makinda yakaanguliwa. Fundi hakuyaona, aliyasikia. Kila mzazi alipoingia tunduni kulitokea kelele kama za sindano nyingi zikimwagika kwenye sahani. Kisha siku moja makinda matatu yakatoka, yakatua kwenye kamba yakiwa yamejivimbisha kwa woga, na baada ya siku chache yakawa yanakula kwenye sinia kama watu wazima. Fundi akapumua. Kazi imekwisha.

Ila haikuwa imekwisha. Wazazi waliendelea kuingia tunduni, midomo imejaa. Fundi akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaweka alama kwenye fremu ya dirisha kwa kila siku. Siku tano. Siku nane. Siku kumi na moja. Na humo tunduni sauti ilikuwa moja tu, si ya mtoto tena, nene.

"Kuna kitindamimba humo," mkunga akasema. "Amedekezwa, hataki kutoka. Nimeona wengi. Wana ndevu na bado mama anawapakulia."

"Ndege hawadekezi, wifi. Nimewaangalia. Akikataa kutoka wanamwachia njaa imtoe."

"Basi mbona huyu hawamwachi?"

Hapo wote wawili wakaangalia juu. Hata mkunga safari hii alitaka kujua.

Fundi akapanda juu ya meza ya kukatia, akaegemea ukuta, akachungulia tunduni. Aliona giza. Ndani ya giza aliona ukungu, ule ukungu aliouzoea, ambao siku hizi hata mchana haukumwacha. Alihisi kitu kimesogea, lakini kama ni unyoya, au jani, au jicho, hakuweza kusema. Wifi yake alikuwa chini amemshikia meza, uso umeinuliwa, anangoja.

Angeweza kusema sioni. Ni neno fupi. Badala yake akasema, "Hakuna kitu humu. Wanachezea tu," akashuka.

Siku mbili zikapita. Shomoro dume na jike hawakuacha. Siku ya tatu asubuhi fundi akiwa bado anatunga uzi kwenye sindano zake, mkunga akaingia amevaa viatu vya raba, akavua kanga ya kichwani akaifunga kiunoni.

"Mimi nimeshindwa kulala kwa hao ndege wako. Nishikie meza."

Akapanda, magoti yanalalamika. Akatazama kwa muda. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazini, ile iliyokuwa ikituliza wodi nzima.

"Wifi. Yumo. Mkubwa kabisa, ana manyoya yote. Amefungwa."

"Amefungwa na nini?"

"Uzi. Umemzunguka mguu na mwingine umeshika ndani ya kiota. Wa zambarau."

Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Sare za kwaya. Magauni kumi na manane, wiki sita zilizopita, uzi wa zambarau, nailoni. Ulipaswa kwenda kwenye kopo la taka. Aliuona kwa macho yake kuwa hauna mng'ao, na alikuwa ameukata mrefu kwa uvivu, akaurusha uani kwa mkono wake mwenyewe akimtakia ndege heri.

Mkunga akaingiza mkono taratibu, akakifumua kiota upande mmoja, akateremka na kinda kiganjani na kipande cha kiota kikining'inia. Wazazi walipiga kelele kwenye kamba. Wanawake wakakaa mezani, kwenye jua. Mkunga alilishika lile kinda kama alivyoshika wachanga, kichwa kati ya vidole viwili, wala hakulibana.

"Chukua kile chuma chako cha kufumulia," akasema. "Uzi umezama kwenye ngozi. Kiingize chini yake, polepole. Hiyo ni kazi yako, si yangu."

Fundi akachukua chuma cha kufumulia mishono. Miaka arobaini kilikuwa kama kidole chake cha sita. Akainama. Aliona rangi ya kahawia, na zambarau kidogo, na vyote vikielea. Akashusha ncha.

"Wifi! Huo ni mguu!"

Fundi akarudisha mkono. Kinda lilikuwa limefungua mdomo bila sauti. Akaweka chuma mezani, na kile alichokificha tangu siku ya kuhama kikamtoka chote kwa mkupuo.

"Sioni. Sioni, wifi. Sioni tundu la sindano, sioni uzi, sijui nailoni wala pamba. Siku ile nilipopanda sikuona kitu nikasema hakuna kitu. Nimemfunga mimi, nikamwacha siku mbili zaidi, mimi."

Mkunga hakushtuka. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba huoni. Nilikuwa nangoja uniambie. Mficha uchi hazai, wifi, na hilo nimewaambia wanawake wengi wakiwa wamebana miguu." Akanyoosha viganja. "Tubadilishane. Shika mtoto, mimi nikate."

Hivyo ndivyo fundi, aliyeangalia ndege karibu mwaka mzima, alivyomshika ndege kwa mara ya kwanza. Hakuwa na uzito. Alikuwa na joto tu, na moyo uliokwenda mbio kuliko cherehani yoyote, na fundi akashangaa, hata katikati ya hofu yake, kwamba kitu chepesi vile kinaweza kupiga kelele kubwa vile kila asubuhi. Mkunga akaingiza ncha chini ya uzi. "Nimekata vitovu vingi," akanong'ona, "lakini hiki ni cha kipekee." Uzi ukakatika. Ukafumuliwa mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Mguu chini ya uzi ulikuwa umekauka, vidole vimejikunja, na mkunga akasema wazi kwamba huo haurudi.

Wakaenda dirishani. Fundi akafungua mikono. Kinda likakaa. Halikujua kama limefunguliwa. Likakaa hapo kiganjani muda mrefu, mpaka jike akashuka kutoka kwenye kamba, akatua kwenye ndoo, akaita. Ndipo lilipopiga mabawa, likaanguka kwenye sinia, likainuka, likaruka tena vibaya, likafika juu ya ukuta wa jirani.

Fundi alilia. Hakulia kwa kificho. Alilia kwa ajili ya mguu ule, na alijua kwamba hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Kwenye kliniki ya macho daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angekuja mapema asingeteseka hivyo. Mkunga aliyekaa kando alikohoa kikohozi kirefu chenye maana. Wakaanza na jicho la kulia. Kesho yake bandeji ikatolewa, akapewa miwani ya kuonea karibu, wakarudi nyumbani. Fundi hakusalimia mtu njiani. Alikuwa anasoma mabango yote kwa sauti.

Alikwenda moja kwa moja dirishani. Alidhani anawajua wale ndege, kumbe alijua miondoko yao tu. Hakuwahi kujua kwamba mgongo wa shomoro una michirizi kama kitambaa kilichofumwa, hudhurungi, nyeusi na maziwa. Shomoro mmoja alikuwa pembeni ya sinia, anaruka kwa mguu mmoja, mwingine umekunjwa tumboni. Alikula haraka kuliko wenzake. Fundi alimtazama mpaka alipomaliza, akafuta mdomo kwenye kamba, upande huu, upande huu.

"Chai," mkunga akasema nyuma yake, akainama kuweka kikombe mezani. Kwa ajili ya siku hiyo alikuwa amevaa gauni lake la bluu.

Macho hayana pazia. Jicho la fundi lilitua kwenye pindo, na likabaki hapo. Bluu iliyokolea, na imepindwa kwa uzi wa kahawia. Mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine umepanda juu kama umelewa. Mahali pamoja sindano ilikosa kitambaa kabisa, na palepale, kwa ndani, palikuwa na pini tatu ndogo zilizopangwa kwa uangalifu zisionekane.

"Wifi. Ulivaa hili arusini?"

"Nikapiga na picha."

"Na huna la kusema?"

"Ningesema nini? Ulinivalisha mwenyewe, ukasimama hapo unacheka, unaniambia nimependeza." Mkunga akakoroga chai yake. "Na nilipendeza."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kwa sababu jicho lile lililopona lilikuwa limejaa maji.

"Livue."

"Sasa hivi? Chai itapoa."

"Ipoe."

Mkunga akaenda kuvaa kanga, akarudi na gauni mkononi. Fundi akachomoa pini tatu, akaziweka mezani moja moja. Akafumua pindo lote, akakiokota kila kipande cha uzi wa kahawia kilichoanguka, akakitia kwenye kopo la taka na kufunga kifuniko. Kisha akachukua uzi wa bluu, akauinua kwenye mwanga, akautunga kwenye sindano kwa mara moja.

Cherehani ilikuwa kimya, kwa hiyo ndege walikwishajipanga kwenye kamba, wakidhani ni zamu yao. Yule wa mguu mmoja alikuwa wa kwanza.

"Ngojeni," fundi akawaambia, bila kuinua uso kutoka kwenye pindo. "Leo naanza na wifi."